Kona ya Dubu

Siku ya arobaini na moja ya tiba, meno ya Aarre yalikuwa ya buluu, ulimi mweusi, na midomo ilikuwa ya mtoto aliyenyonya kalamu ya wino. Alikuwa amekaa jikoni na shati lake la kwendea mjini, kitambaa cha vyombo kimefungwa shingoni asijichafue, akilitazama bakuli lililokuwa mbele yake bila mapenzi yoyote.

"Kula," alisema Hilkka, mkewe.

"Nilikula jana."

"Ya jana yamekwenda na jana. Gazeti la duka la dawa limesema kikombe asubuhi, kikombe jioni. Beri zinalinda ubongo."

"Hilo gazeti limeandikwa na mtu au na dubu?"

"Limeandikwa na profesa. Kula, mzee, leo ndiyo leo."

Na kweli siku yenyewe ilikuwa imefika. Aarre alikuwa ametimiza miaka sabini na mitano, na leseni yake ya udereva ilikuwa inakufa kesho yake, Ijumaa. Serikali ya kwao, huko kaskazini ya mbali, ilitaka daktari aandike kwamba macho yanaona na akili iko mahali pake, ndipo mzee aongezewe miaka mitano barabarani. Kwa macho hapakuwa na wasiwasi. Wasiwasi ulikuwa wa kichwa, kwa sababu majira ya kuchipua Aarre alikuwa ameweka funguo za nyumba ndani ya kopo la siagi, tena mara mbili, na siku ya Pasaka alimwita binti yake kwa jina la shangazi yake marehemu.

Nyumba yao ilikuwa mwisho wa barabara ya changarawe, kilomita ishirini na sita kutoka duka la karibu. Basi lilipita siku za shule tu, na shule zilikuwa zimefungwa. Hilkka hakujua kuendesha kitu zaidi ya baiskeli. Teksi ilitaka yuro sabini kwenda tu bila kurudi, na kwa bei hiyo, alisema Hilkka, ng'ombe mwenyewe angepanda teksi awaletee maziwa nyumbani. Tena binti yao Mervi alikuwa amekwisha kupima kwa futi chumba cha ghorofa ya tatu mjini, chenye dirisha linalotazama maegesho ya duka kubwa. Bila leseni hakuna nyumba. Hilo walilijua wote wawili, na kwa hiyo hawakulisema.

Badala ya kusema, Hilkka alifungua friza. Mlikuwa na lita arobaini za beri za buluu za mwaka uliopita. Akaziweka kwenye uji. Akaziweka kwenye maziwa ya mgando. Wiki ya tatu, kwa kuogopa kwamba dozi haitoshi, alizimwaga juu ya samaki wa kukaanga, na Aarre akamtazama samaki yule wa buluu kwa muda mrefu, akauliza kama naye anakwenda kwa daktari.

Alikula lakini. Alilalamika, alitukana profesa, ila alikula, na kwa hilo Hilkka alimpenda.

Sasa, hizo za buluu ni beri za watu wote. Ziko kila msitu, kila mtu anachuma anapotaka. Kuna nyingine, lakka, beri za dhahabu, ambazo huota kwenye vinamasi pale zinapojisikia, wiki mbili tu kwa mwaka, na hizo ni jambo lingine kabisa. Mtu wa Kainuu, mkoa wao huo wa misitu, atakuazima mashua yake, atakuazima msumeno wake, ukimbana sana ataonyesha hata vipele vyake vya mgongoni. Lakini kinamasi chake cha lakka hakuonyeshi. Aarre alielekezwa cha kwao na baba yake aliyekuwa anakata roho, baada ya mzee huyo kumtoa nje kasisi ili asisikie. Na tangu hapo hakuwa amemwambia mtu. Hakumwambia Mervi. Hakumwambia Hilkka, aliyekuwa mkewe kwa miaka arobaini na tisa.

"Ukimwambia mmoja," alikuwa akisema, "umemwambia Voitto."

Voitto alikuwa jirani wa ng'ambo ya ziwa, mwenye darubini dirishani. Miaka thelathini alikuwa amejaribu kumfuata Aarre kwa gari, kwa baiskeli, na safari moja kwa mashua akiwa amelala chali chini ya turubai. Hakufanikiwa hata mara moja.

Aliyefanikiwa ni Hilkka. Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili. Aarre alikuwa amesahau chupa yake ya kahawa, naye akapanda baiskeli, akafuata alama za magurudumu ampelekee. Akaliona gari limefichwa nyuma ya rundo la magogo, limefunikwa matawi kama maiti. Akafuata nyayo. Mwisho wa nyayo alimkuta mumewe amepiga magoti katikati ya uwanja wa dhahabu, akiimba wimbo wa kanisani kwa maneno yasiyo ya kanisani. Hilkka alisimama nyuma ya mti mpaka kahawa ikapoa. Kisha akarudi nyumbani, akaimimina, akanyamaza.

Ila kunyamaza ni kitu kimoja na kujizuia ni kingine. Kila mwaka, siku moja ya msimu, Hilkka alisema anakwenda kwa wifi yake Impi, akapanda baiskeli, akaenda kinamasini. Alikaa kona ya kusini, akachuma kwa vidole viwili bila kuvunja hata jani, akala palepale mpaka akashiba. Hakubeba hata moja. Ilikuwa saa moja tu kwa mwaka, na katika saa hiyo hapakuwa na mtu wa kumuuliza soksi ziko wapi.

Aarre aliiona kona ile imesafishwa. Alifikiri sana, akatoa hukumu: dubu. Dubu mzee, mtaratibu, mwenye adabu, asiyekanyaga ovyo. Alilisimulia hilo dukani kwa fahari, na faida yake ilikuwa kubwa, maana tangu hapo hata Voitto hakuwa na hamu ya kuzungukazunguka vinamasini peke yake. Kikulacho ki nguoni mwako, wenyewe husema, lakini nani ana muda wa kupekua nguo zake?

Walifika kituo cha afya saa nne kasoro. Nesi wa mapokezi ya wazee alikuwa Sirpa, binti wa Voitto, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita watu waliolala. Alimtazama Aarre mara moja, akapiga ukelele.

"Mungu wangu, midomo! Kaa! Usitembee!"

Kabla mzee hajajibu alikuwa ameketishwa kwenye kiti cha magurudumu, kidole kimebanwa na kipimo cha hewa ya damu, na watu saba waliokuwa wakisubiri zamu wameweka magazeti chini waone anavyokufa.

"Ni beri," alisema Hilkka.

"Nini?"

"Beri. Amekula. Kwa ajili ya ubongo."

Kipimo kikaandika tisini na saba, namba ya mtu mwenye afya. Sirpa akakisoma mara mbili, akakitoa. Mtu mmoja kwenye benchi akacheka puani. Aarre akasimama kutoka kwenye kile kiti, akarekebisha shati, akaingia chumbani kwa miguu yake, shingo imekuwa nyekundu na meno bado ya buluu.

Mtihani wenyewe ulianza vizuri. Hilkka aliruhusiwa kukaa pembeni kwa sharti la kufunga mdomo. Aarre aliitaja siku, mwezi na mwaka. Alichora saa yenye mishale yote. Alitoa saba kwenye mia, akatoa tena, akatoa tena, akaendelea kushuka mpaka Sirpa akamsihi aache, kwani maisha yake yote mzee huyo alikuwa mpimaji wa magogo na hesabu hizo alizifanya akila. Aliambiwa akariri maneno matatu: ndege, sabuni, daraja. Baada ya dakika tano aliyataja, akaongeza na tangazo zima la chanjo ya pepopunda lililokuwa ukutani.

Hilkka akaanza kupumua. Moyoni alimshukuru Mungu, akamshukuru na profesa wa gazeti.

"Vizuri sana," alisema Sirpa. "Sasa tuzungumze tu kidogo. Jana ulifanya nini?"

Hilkka aliuona uso wa mumewe ukijifunga. Maana jana, Jumatano, Aarre alikuwa ameamka na ndege, akatokomea, akarudi saa sita na ndoo mbili za dhahabu na kucha za manjano.

"Jana?" aliuliza Aarre.

"Jana."

"Sikumbuki."

"Hukumbuki kabisa?"

"Kabisa."

"Ulitoka nyumbani?"

"Huenda nilitoka, huenda sikutoka."

"Mbona baba aliliona gari lenu likipita saa kumi na moja alfajiri?"

"Baba yako na ile darubini yake."

"Kwa hiyo ulitoka."

"Sikumbuki."

"Ulielekea upande gani?"

Hapo Hilkka aliona kwamba Sirpa ameinama mbele kidogo, na kalamu imeacha kuandika. Swali hilo halikuwa kwenye karatasi. Aarre naye aliliona.

"Upande gani?" alisema. "Kwani kuna pande ngapi?"

Sirpa akaandika sentensi ndefu, akaipigia mstari.

"Anakumbuka huyu!" Hilkka alishindwa kuvumilia. "Anakumbuka kila kitu! Anakumbuka mbao alizokopwa na baba yako mwaka wa themanini!"

"Sita," alisema Aarre. "Za msonobari."

"Mama Hilkka, tafadhali. Majibu yatoke kwake."

Walipopelekwa ukumbini kumsubiri daktari, Hilkka alimvuta mumewe mpaka nyuma ya mti wa plastiki.

"Si ungesema ulikwenda kuvua samaki!"

"Nimdanganye mtumishi wa serikali? Mimi? Hiyo ni kesi."

"Na hiyo 'sikumbuki' yako ni nini?"

"Hiyo ni adabu."

"Tutahamia ghorofani, Aarre. Tutatazama magari ya watu mpaka tufe. Kwa ajili ya adabu."

Aarre akalitazama jani la plastiki, akalifuta vumbi kwa kidole. "Mtoto wa Voitto, Hilkka," alisema kwa sauti ndogo. "Mtoto wa Voitto ndiye aliyeshika kalamu."

Daktari alikuwa msichana wa kusini aliyekuja kushikia nafasi wakati wa likizo, jina lake Lumme, nywele fupi na viatu vya kukimbilia. Alizisoma karatasi za Sirpa mpaka mwisho, akaanza upya, akavua miwani.

"Mzee Aarre, hesabu zako zinanishinda hata mimi. Ya zamani unayo yote. Lakini ya jana huna, na mtu anaanza kupotea kwa namna hiyohiyo. Nasikitika. Siwezi kusaini."

Hilkka aliiona nyumba, ngazi ya mbele yenye ubao unaolia, sauna ya kuogea mvuke kando ya maji, kigingi cha baiskeli yake. Alimtazama mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane aliona kidevu chake kinatetemeka.

"Daktari," alisema Aarre. "Nikisema kitu humu, kinatoka?"

"Hakitoki. Nina kiapo."

"Hata kwa nesi?"

"Hata kwa nesi."

"Nikifa?"

"Hata ukifa."

"Na kwa mke?"

Daktari alimtazama Hilkka kwa haya. "Ukitaka hivyo, hata kwa mke."

"Basi na atoke," alisema Aarre.

Hilkka alitoka. Alikaa kwenye benchi, mkoba magotini, na watu wale saba wakamtazama. Sirpa akaja akasimama karibu sana na mlango, akijifanya kunyoosha pazia.

"Hata wewe, mama?"

"Hata mimi."

"Duh," alisema Sirpa, na kwa huruma yake kweli akamletea kahawa.

Kahawa aliiweka kando. Mahali penyewe Hilkka alipajua, naam, alipajua hata kwa giza. Lakini kujua kwa wizi na kuambiwa si kitu kimoja. Miaka arobaini na tisa alikuwa amemfulia, amemzalia, amemkata nywele za masikioni, na kwa siku arobaini na moja amemlisha beri kama kifaranga. Na sasa siri ile anapewa mtoto wa juzi asiyejua kutofautisha kinamasi na dimbwi. Ilimuuma. Ilimuuma kuliko alivyotegemea, akavunja kijiti cha kukorogea kahawa vipande vinne.

Baada ya dakika ishirini mlango ulifunguka. Aarre alitoka akapelekwa kutoa damu, na daktari akamwita Hilkka ndani peke yake.

"Nina tatizo," alisema daktari Lumme. "Mumeo amenieleza jana yake. Ameeleza kwa dakika ishirini bila kupumua. Mahali penyewe sikutajii, nina kiapo, ila kuna ghala, mitaro, kitanda cha chuma katikati ya msitu, na dubu mwenye adabu ambaye kila mwaka anamwachia kona yake ya beri."

"Anamwachia?"

"Anasema haigusi. Kona nzima. Kwa heshima, anasema, na kwa uoga kidogo."

Hilkka alikuwa akidhani miaka yote ile anaiba.

"Sasa nielewe mimi," aliendelea daktari. "Mtu ambaye ubongo umechoka anaweza kutunga hadithi tamu sana, akaiamini mwenyewe. Mimi ni wa mjini. Kitanda msituni? Dubu wa heshima? Nitajuaje kama mahali hapa papo? Kuna mtu mwingine yeyote anayepajua?"

Siri ya mtungi muulize kata. Hilkka aliutazama mkoba wake, akaufungua, akaufunga. Akisema hapajui, leseni imekufa na nyumba imekwenda nayo. Akisema anapajua, amekiri uvamizi wa miaka thelathini na mmoja, na kitu pekee ambacho mumewe alidhani ni chake peke yake hakitakuwa chake tena.

"Kiapo chako, daktari," alisema mwishowe. "Kinafanya kazi pande zote mbili?"

"Pande zote."

"Hata yeye hutamwambia?"

"Hata yeye."

"Haya, shika kalamu. Ghala ni jekundu, halina paa. Gari analificha nyuma ya magogo. Unaufuata mtaro mpaka kwenye kitanda."

Daktari alikuwa akipitisha kidole kwenye maandishi yake. "Kitanda kina miguu mingapi?"

"Mitatu. Wa nne niliuvunja mimi, nilikaa vibaya."

Daktari alikohoa. "Halafu?"

"Halafu mti uliopasuliwa na radi. Ulianguka zamani, lakini yeye bado anageukia pale ulipokuwa. Halafu mtaro wa pili. Kuna ubao umemezwa na majani, huuoni mpaka uujue. Ukanyage kulia, kushoto umeoza."

"Kushoto umeoza," alisoma daktari polepole. "Na dubu?"

"Yupo."

"Umewahi kumwona?"

"Namwona kila asubuhi," alisema Hilkka, "nikinawa uso."

Daktari Lumme aligeuza kiti chake kuelekea dirishani, akakaa hivyo kwa muda, mabega yakimtikisika. Alipogeuka alikuwa anafuta macho, na muhuri ulikuwa mkononi. Akaupiga.

"Na beri umpe," alisema, "ni chakula kizuri. Ila kikombe kimoja kinatosha, haziujengi ubongo upya kwa wiki sita. Na samaki muachie rangi yake."

"Alikwambia na la samaki?"

"Alianza na la samaki. Usiogope kuhusu kinamasi chenu, mama. Mimi hizo za dhahabu sizipendi hata kidogo. Zina mbegu mno."

Ni tusi kubwa kule, lakini siku hiyo Hilkka alilipokea kama baraka.

Njiani Aarre aliendesha kwa mikono miwili, karatasi ya daktari imekunjwa mfuko wa shati, na kila baada ya kilomita kadhaa aliugusa mfuko. Hilkka alitazama nje. Alikuwa bado na hasira, na tena alikuwa na aibu, na viwili hivyo havikai vizuri kwenye gari dogo.

"Yule mtoto aliniuliza," alisema Aarre baada ya daraja la pili, "mkeo anapajua? Nikasema hapajui. Akanitazama, Hilkka. Akanitazama kama vile nimesema sijawahi kumpa mke wangu chakula."

"Mm."

"Nikaona haya."

"Ni vizuri."

Aarre hakukata kona ya nyumbani. Alikwenda mbele, akapunguza mwendo, akachungulia kioo kama kuna gari la Voitto nyuma, kisha akaingia njia nyingine ya changarawe.

"Akili yangu leo ina muhuri," alisema. "Kesho sijui. Shuka. Mabuti ya mpira yako nyuma."

Hilkka alishuka upesi kama msichana. Wakati huohuo alijua ana kazi kubwa mbele yake, kazi ya kushangaa.

Alishangaa ghala. Alishangaa magogo. Aarre, kwa mazoea, alimzungusha ghala mara mbili na kumrudisha nyuma hatua mia kupoteza maboya, na Hilkka akazunguka bila neno, mbu wakimla shingoni. Walipofika kwenye kile kitanda alipiga makofi.

"Ajabu! Kitanda! Msituni!"

"Kina miguu mitatu," alisema Aarre kwa fahari. "Nadhani ni dubu. Alikikalia."

"Atakuwa mzito huyo."

"Mzito sana."

Hilkka alimeza hilo nalo. Wakageuka pale ambapo mti haupo. Aarre alikuwa mbele, akieleza kwa fimbo, akisimama kila hatua tatu kusimulia baba yake alisema nini kuhusu pale na babu yake alianguka wapi. Mbu walikuwa wingu. Walipofika mtaro wa pili alisimama ukingoni, akainua fimbo, akasafisha koo.

"Sasa hapa, bibi, sikiliza kwa makini, maana hapa wasiojua wanazama mpaka kiunoni..."

Mbu mmoja alimwingia Hilkka sikioni. Akajipiga kofi, akaishika sketi, akapiga hatua mbili ndefu, kulia, kulia, juu ya ubao usioonekana, akatua ng'ambo. Alipogeuka nyuma, mumewe alikuwa bado amesimama ukingo wa pili, fimbo hewani, mdomo wa buluu wazi.

Ndege mmoja alilia mbali.

Aarre aliutazama mtaro. Akamtazama mkewe kuanzia mabuti mpaka kitambaa cha kichwani. Kisha, polepole, macho yake yakahamia kona ya kusini, ambako beri zilikuwa zimejaa bila kuguswa, zimeiva mpaka zinang'aa.

"Mwaka gani?" aliuliza.

"Tisini na mbili."

"Ndio mwaka aliokuja dubu."

"Ndiyo."

Alihesabu kimoyomoyo. Hilkka alizijua hesabu hizo, alikuwa akishuka nazo mwaka mmoja mmoja. Akajiandaa kwa lolote.

"Nilikuachia kona nzima," alisema Aarre. "Miaka yote. Nilikuwa naiona imeiva, naitamani, nasema hapana, hiyo ya mwenyewe."

"Najua. Nimeambiwa leo."

"Na yule daktari..."

"Ana kiapo. Pande zote mbili."

Aarre akashusha fimbo.

"Voitto anajua?"

"Hajui."

"Basi hakijaharibika kitu," alisema, akavuka ubao, kulia, kulia. Alipofika ng'ambo alikuwa anahema, na akaushika mkono wa mkewe kana kwamba ni kwa ajili ya kujizuia asianguke, ila hakuuachia mara moja. "Siku nikiisahau njia, Hilkka, utanileta?"

"Nitakuleta."

"Bila kuzungusha ghala?"

"Bila kuzungusha ghala."

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaenda upande wake wa kaskazini, kuchuma zilizobaki jana, na Hilkka akaenda kusini, akakaa kwenye kituta chake cha miaka yote, akaanza kuchuma kwa vidole viwili. Walichuma kimya, kila mtu kwake. Jua lilikuwa bado juu sana Hilkka alipoisikia sauti ya mumewe ikiimba ule wimbo wa kanisani kwa maneno yasiyo ya kanisani, ikakatika katikati ya ubeti.

"We dubu!"

"Nini?"

"Kula, kula. Zinalinda ubongo. Tutauhitaji."